KAZI YA JUMAMOSI: ULEZI WA SKAUTI KATIKA BUNJU



Tulipoombwa kuhutubu, tulidhani pengine yatupasa kusema juu ya mishahara au pensheni, maana hayo ndiyo mambo ambayo mtumishi hachoki kuyasikia. Lakini mwenzetu mmoja wa ofisini akatuambia, "Tuelezeni hiyo kazi yenu ya Jumamosi. Kila mara twawaona mna skafu shingoni na watoto nyuma, wala hatujui mnalipwa na nani." Basi tumeona ni heri kulijibu swali lake mbele ya wote. Jibu fupi ni kwamba hatulipwi na mtu. Jibu refu ndilo hotuba hii.

Tena hatutaficha haja yetu. Barua ya uhamisho imekwisha kutufikia, na baada ya miezi miwili tutakuwa katika kituo kingine, mbali na Bunju. Watoto thelathini na wanne wa kundi letu watabaki. Tumekuja kueleza kazi yenyewe ilivyo, na kisha kuomba watu wawili.

Wengi wenu mwaijua Bunju kwa kuipita tu, mkienda Bagamoyo. Iko kaskazini mwa Dar es Salaam, kando ya barabara kuu, ukiisha kupita Tegeta na Boko. Na ukiendelea mbele kidogo wafika Mto Mpiji, ambao ng'ambo yake ni Mkoa wa Pwani. Wazee wa pale bado huwaonyesha wageni minazi na mikorosho iliyosalia katikati ya nyumba. Siku hizi nyumba ni nyingi, na watu wake wametoka kila upande wa nchi. Katika Desemba 2011 mvua kubwa ilifurika Dar es Salaam, na watu wengi wa mabondeni, hasa bonde la Msimbazi, wakapoteza makazi yao. Mwaka uliofuata Serikali ikawapa wengi wao viwanja Mabwepande, jirani zetu. Baadhi ya watoto wetu wa Jumamosi ni watoto wa watu hao.

Basi fikirini maisha ya mtoto wa mahali kama hapo. Baba na mama huondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na hurudi usiku, mtoto amekwisha kulala. Katika kijiji cha wazee wetu, mtoto akikosa, mtu mzima ye yote aliyempita njiani alimwonya, na jioni mzazi akashukuru. Katika Bunju jirani hamjui mtoto huyo jina lake, wala ukoo wake, naye huogopa kumwonya asije akaambiwa, "Wakuhusu nini?" Hivyo mtoto amezungukwa na watu, lakini hana mlezi mchana kutwa.

Tena kuna barabara. Katika Julai 2015 mwanafunzi mmoja aligongwa na gari akafa pale Bunju, katika barabara hiyo ya Bagamoyo. Watu wakajaa njiani kwa uchungu, na hasira yao ikaishia katika kuchoma moto kituo cha polisi. Kisha watu wengi wakashtakiwa. Sisi wakati ule tulikuwa vijana, tumeajiriwa karibuni. Hatukuja hapa kumhukumu mtu juu ya mambo ya siku ile. Lakini tulipokuwa tukiwaza juu yake tuliona neno moja, nalo ni hili, ya kuwa moto ule haukumrudisha mtoto, wala haukumfundisha mtoto mwingine namna ya kuvuka. Karani hana uwezo wa kupanua barabara, wala kuweka taa, wala kumzuia dereva anayepita kwa kasi mahali ambapo sheria yamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa. Lakini Jumamosi ni yake mwenyewe, na ndani ya Jumamosi hiyo aweza kumfundisha mtoto kusimama, kutazama, kusikiliza, na kumshika mdogo wake mkono. Samaki mkunje angali mbichi. Hapo ndipo tulipokumbuka uskauti tuliofundishwa katika shule ya misheni.

Labda baadhi yenu mtauliza uskauti ni kitu gani, na je, si mambo ya Wazungu? Ni haki kuuliza, nasi tutasema kweli. Aliyeuanzisha ni Mwingereza, Robert Baden-Powell, mwanajeshi aliyepigana katika vita vya dola yake hapa Afrika, na baadhi ya vita hivyo vilikuwa juu ya Waafrika wenzetu. Katika Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 kwenda kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wengine watoto wa matajiri, wengine watoto wa wafanya kazi, akakaa nao kambini ili kujaribu mafunzo yake. Na mwaka 1908 akatoa kitabu. Sheria ya skauti yasema ya kuwa skauti ni ndugu wa kila skauti. Lakini katika nchi zilizotawaliwa, neno hilo halikutimizwa siku zote. Kule Afrika Kusini vijana Waafrika hawakupokewa kuwa skauti, wakaundiwa chama cha mbali mwaka 1922, kikiitwa Pathfinders.

Hata hivyo, kitu chema hakiwi kibaya kwa sababu aliyekileta hakukitimiza chote. Kalamu pia tuliletewa, nasi twaitumia kuandika mambo yetu. Vijana wa Kiafrika waliisoma sheria ile wakaishika kwa maana yake kamili, na Tanganyika ilipokwisha kujitawala, chama chake kikapokewa katika umoja wa skauti wa dunia mwaka 1963. Leo uskauti uko katika nchi zaidi ya 170. Wito wake kwa Kiswahili ni "Uwe Tayari," maneno mawili tu, lakini mtu aweza kuyafanyia kazi maisha yake yote. Wala si mambo ya wavulana peke yao. Katika kundi letu wasichana ni kumi na tisa, nao wamewazidi wavulana kwa kufunga mafundo.

Sasa tueleze tulivyoanza. Kwanza tulikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi tukaomba ruhusa, maana mtu hawezi kukusanya watoto wa watu chini ya mti kama kuku. Pili tulijiandikisha kwa viongozi wa Chama cha Skauti wa wilaya, tukahudhuria mafunzo yao. Tatu tuliwaandikia wazazi barua, tukawaita, tukajibu maswali yao. Mzazi mmoja alituuliza kama sare ni lazima, kwa maana hakuwa na fedha. Tukamjibu ya kuwa mtoto aje na nguo aliyo nayo, mradi iwe safi. Tulianza na watoto kumi na mmoja chini ya mwembe, na bendera moja, na kamba tuliyoinunua sokoni.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na kwa ajili hiyo tukajivuna. Tulipenda kusimama mbele na kusema, na watoto kuitika. Kila kitu kilikuwa mikononi mwetu: kamba zilikaa nyumbani kwetu, daftari la majina lilikaa mfukoni mwetu, na mafunzo ya wiki ijayo yalikuwa kichwani mwetu tu. Hatukujua ya kuwa hilo ndilo kosa letu.

Mkajua wenyewe, watumishi wenzetu, mwezi wa Juni ulivyo maofisini. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na vitabu sharti vikamilike. Mwaka ule tuliitwa kazini Jumamosi tatu zikifuatana. Hatukupeleka habari kwa mtu. Tulijiambia moyoni, "Watoto wataelewa, watarudi nyumbani." Jumamosi ya nne tulipokwenda, tulikuta watoto watatu tu. Mmoja wao ni mvulana wa miaka kumi na miwili atokaye Mabwepande, ambaye huja kwa miguu. Tulimwuliza wenzake wako wapi. Akasema, "Wamechoka kungoja." Tukamwuliza, "Na wewe?" Akajibu, "Mimi nilikuja zote tatu, Mwalimu. Nilikaa hapa mpaka adhana ya adhuhuri, kisha nikarudi." Hakusema kwa hasira wala kwa lawama, ila alijibu kama mtu anayetoa taarifa.

Mabwana na Mabibi, tumewahi kupewa barua za karipio ofisini, lakini hakuna iliyotuchoma kama jibu lile. Tulikuwa tumewafundisha ya kuwa neno la skauti ni la kuaminika. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Nasi tulikuwa wadeni wa mtoto aliyelipa kwa miguu yake Jumamosi tatu. Tukamwomba radhi mbele ya wenzake wawili. Halafu tukazunguka nyumba kwa nyumba jioni tatu kuwaita wengine. Wengine walirudi, wanne hawakurudi hata leo.

Kosa lile ndilo lililotufundisha jambo kubwa tunalotaka mlichukue jioni hii. Si vema kundi la watoto litegemee mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani. Na mtumishi wa Serikali ndiye hasa asiyefaa kutegemewa peke yake, kwa kuwa wakati wake si wake: leo yuko Bunju, kesho barua yaja, kesho kutwa yuko Kigoma au Mtwara. Tumeona makundi ya skauti, na kwaya, na timu za mpira, yakifa wiki ile ile aliyohama mlezi. Watu husema, "Alikuwa mlezi hodari mno, tangu ameondoka, hakuna kitu." Wao hudhani wamsifu. Sisi sasa twaona ya kuwa hiyo si sifa. Mlezi hodari ni yule ambaye akiondoka, kazi yaendelea.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu imo katika uskauti tangu siku ya kwanza, nasi hatukuitumia. Pale Brownsea wale wavulana waligawanywa vikosi vinne, vikapewa majina ya wanyama na ndege: Fahali, Mbwa-mwitu, Kunguru, na ndege mmoja wa pwani mwenye mdomo mrefu. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake, naye alikuwa mtoto kama wenzake. Basi na sisi tukagawanya kundi letu: Nyuki, Kanga, Chatu, na Kipanga, majina waliyoyachagua wenyewe. Kila kikosi kina watoto wanane au tisa. Kamba tukazitoa nyumbani kwetu, zikawekwa katika sanduku shuleni, na ufunguo akapewa mwalimu mmoja. Daftari la majina likawa mikononi mwa watoto. Yule mvulana wa Mabwepande akawa kiongozi wa Nyuki. Na tukaweka kanuni ya kuwa asiyeweza kuja, awe mtoto au mlezi, sharti apeleke habari kabla ya Ijumaa jioni.

Mwanzoni mambo yalikwenda ovyo. Viongozi wale wadogo waligombana, wengine walipiga makelele kama askari wa gwaride, na uji wa kambi uliungua mara mbili. Ilikuwa vigumu kwetu kunyamaza. Mtu aliyezoea kuandika barua safi huona uchungu kutazama kazi ikiharibika mbele ya macho yake. Lakini tulijikaza tukakaa pembeni, tukasaidia tulipoulizwa tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya mwaka kwisha tuliweza kukaa kitako chini ya mwembe, na kazi zikaenda.

Tutatoa mfano mmoja. Mama mmoja jirani wa shule hukaanga maandazi alfajiri. Siku moja mafuta ya moto yalimwagika juu ya mkono wa mtoto wake mdogo. Watu wakaja mbio, na mmoja akaleta dawa ya meno ampake, kama ilivyo desturi ya wengi. Dada yake mtoto huyo, msichana wa kikosi cha Kanga, mwenye miaka kumi na mmoja, akawazuia watu wazima. Akamwaga maji safi ya baridi juu ya mkono ule, ndoo baada ya ndoo, muda wa dakika ishirini, akakataa kupasua malengelenge, akaufunika kwa kitambaa safi, ndipo wakaenda zahanati. Mganga akasema umefanyika vema. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani ya daladala, tunakwenda kazini. Na somo la kuungua hatukumfundisha sisi; alifundishwa na kiongozi wa kikosi chake. Tuliposikia habari ile, tuliona furaha kuliko siku yo yote tuliyopata kusimama mbele na kuitikiwa.

Na barabara je? Hatuwaruhusu watoto kusimama katikati ya barabara kusimamisha magari. Hiyo ni kazi ya watu wazima wenye mamlaka, na mtoto hapaswi kuwekwa katika hatari kwa ajili ya sifa. Lakini kila kikosi kina orodha ya watoto wadogo wakaao upande wa pili wa njia. Baada ya shule hukusanyika, huenda pamoja mpaka pale penye kivuko, hushikana mikono, humngoja mtu mzima, nao huvuka kwa pamoja. Ni kazi ndogo isiyo na shangwe, nayo hufanywa kila siku ya masomo, sisi tukiwa ofisini.

Sasa twataka kutaja mambo matatu kwa atakayekubali kazi hii, nayo si ya kufanyia mzaha. La kwanza, mlezi asikae peke yake na mtoto mahali pa siri, wala njiani, wala hemani. Siku zote wawepo watu wazima wawili, au watoto wengine mbele ya macho. Hii humlinda mtoto, na humlinda mlezi pia. Na mtu anayechukizwa na kanuni hii, msimpe watoto. La pili, fedha. Hata shilingi mia mbili ya mtoto iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila baada ya miezi mitatu. TAKUKURU na Chama cha Skauti wameshirikiana kuwafundisha vijana kuichukia rushwa. Lakini mtoto hujifunza zaidi kwa kumwona mtu mzima akihesabu sarafu zake hadharani kuliko kwa hotuba kumi. La tatu, watoto wale si watumishi wetu. Mlezi asiwatume kumchotea maji wala kumfulia nguo. Wao wametuamini, nasi tusiutumie uaminifu wao kwa faida yetu.

Wapo watakaosema, "Hatuna nafasi." Twajua. Mke wetu alipata kutuuliza kama Jumamosi ni ya Bunju nzima isipokuwa nyumba yetu, na maneno yake yalikuwa ya haki. Kwa hiyo tukafanya saa tatu tu, tangu saa mbili asubuhi hata saa tano, na Jumamosi moja kila mwezi ikawa ya nyumbani. Watu wawili wakishika zamu, hata hizo saa tatu hupungua. Wengine watasema, "Hii ni kazi ya walimu." Walimu wanazo kazi za kutosha siku tano, na tena ni vema mtoto amwone mtu mzima asiyelipwa kwa ajili yake, ambaye amekuja tu kwa kuwa alisema atakuja.

Baden-Powell alikufa Nyeri, nchi ya Kenya, tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Juu ya jiwe la kaburi lake imechorwa alama ndogo ambayo skauti huiacha njiani, duara yenye nukta katikati, maana yake, "Nimekwenda nyumbani." Watoto wetu hupenda sana kuichora mchangani mwishoni mwa michezo. Lakini twaona ya kuwa alama ile ina maana kwa sababu wako wengine nyuma wanaojua kuisoma na kuendelea na njia. Kama hakuna anayefuata, ni mchoro tu.

Basi twarudi kwenye haja yetu. Twataka watu wawili. Si lazima wajue kufunga mafundo. Watoto watawafundisha, nao watafurahi kufanya hivyo. Si lazima wawe matajiri, maana gharama yetu kubwa ni nauli. Si lazima wawe wanaume, na ingefaa zaidi mmoja awe mama, kwa kuwa wasichana wetu ni wengi. Mradi wawe watu ambao wakisema Jumamosi watakuja, huja. Na siku wasipoweza, hupeleka habari kabla ya Ijumaa jioni. Atakayependa na atuone baada ya mkutano huu, au aje mwenyewe Jumamosi hii shuleni, saa mbili. Hata tusipokuwapo, atapokewa. Na aulize kiongozi wa Nyuki. Daftari ni lake, naye atamwandika jina.